Adeilson wa Misiba Atafuta Jina Jipya

Pale Poço do Umbu, mji wetu mdogo kule Brazili, mtu hafi mpaka Adeilson aseme. Daktari anaweza kusema, padri anaweza kusema, simu nazo zinaweza kujaa picha za mishumaa na njiwa weupe, lakini watu watasubiri mpaka lile gari dogo jeupe lenye maspika mawili juu ya paa lipite polepole, kinanda kikilia kwa chini, na ile sauti itoke: "Kwa masikitiko makubwa..." Hapo muuza nyama anavua kofia, akina mama wanapunguza moto jikoni, na aliye barabarani anainamisha kichwa. Jina, jina la utani, mtoto wa nani, mtaa gani. Yakishatajwa hayo hakuna anayesikiliza tena. Saa ya mazishi kila mtu anaijua, ni saa kumi jioni, na mengineyo utayakuta msibani kwenye kahawa.

Kazi hiyo aliipata kwa sababu mtangazaji wa kwanza alikufa na hapakuwa na mtu wa kumtangaza. Wakamtazama Adeilson, ambaye wakati huo alikuwa akiuza unga wa muhogo sokoni, wakamwambia, "Wewe una sauti." Kweli anayo. Ni sauti nzito, inatoka chini ya mkanda wa suruali, na haina haraka na mtu. Akiagiza mkate, duka zima linanyamaza. Akikuuliza habari za asubuhi, unamfikiria mama yako. Mtu mwenyewe hana ubaya wowote, ni mpole, anapenda karanga za kuchemsha na mpira wa redioni, lakini nani atakaa amchunguze? Gari lake likisimama mlangoni kwako, hata kama amekuja kuazima ngazi, unaanza kuita wanao mmoja mmoja uone kama wote wanaitika.

Miaka yote hiyo yeye hakujali. Kilichomfanya ajali ni Jumapili ya posa. Binti yake wa pekee, Rosilda, mshonaji wa suruali za jinzi, alikuwa amechumbiwa na Jailton, fundi pikipiki, na ukoo wa Jailton ulikuja kula kuku. Adeilson akasimama na glasi yake ya juisi ya mabibo, akakohoa kidogo.

"Ndugu zangu," akasema, "tumekusanyika hapa leo..."

Bibi yake Jailton akashika kifua. "Yesu na Maria! Nani tena?"

"Hakuna mtu, bibi," Jailton akamwambia. "Ni baba mkwe anakaribisha chakula."

"Basi akaribishe kwa mkono," bibi akasema. "Mimi nina ugonjwa wa moyo." Kuku hakumgusa.

Wageni walipoondoka Rosilda alikuwa anaosha vyombo. Alisema neno lake akiwa amempa mgongo.

"Baba, siku ya harusi usishike maiki."

Sasa elewa jambo hili linauma kiasi gani. Harusi ilikuwa mkesha wa Mtakatifu Yohana, na kwetu harusi ya mkesha huo haina maana bila kwadrilia, ile ngoma ya wawili wawili, na anayeita kwadrilia ni baba wa bibi harusi. Ndiye anayepaza sauti, "Mvua inakuja!" na mstari wote unageuka kukimbia, kisha wote wanajibu, "Uongo!" na kugeuka tena. Baba asiyeita kwadrilia ya binti yake ama ni bubu ama amekosana na binti. Adeilson hakuwa bubu.

"Kwa sababu ya yule bibi?" akauliza.

"Bibi ni bibi," Rosilda akasema. Alikuwa anasugua sufuria ambayo ilishang'aa kitambo. "Mimi mwenyewe, Baba. Sauti hiyo ndiyo niliyoisikia siku ya Mama. Nikiisikia, namzika tena. Siwezi kumzika Mama siku ya harusi yangu."

Adeilson akakaa kwenye kiti cha jikoni. Rosilda naye ana huruma, ni tabia ya mama yake. Akageuka, mikono inachuruzika maji.

"Haya. Wachekeshe watu wa mtaa huu, hata mara moja tu, kwa sauti hiyohiyo, kabla ya mkesha. Ukiweza, maiki ni yako."

Mtu mwingine angelia. Adeilson alioga, akavaa shati la misa, akaenda kwa Gleyciane.

Gleyciane ana duka la kuchapisha fulana na vikombe karibu na kituo cha mafuta, na mwaka jana alisoma kwa simu kozi ya namna ya kuwafanya watu wakutambue na wakuhitaji. Cheti chake kimetundikwa ukutani, juu ya vikombe vilivyopasuka. Alimkalisha Adeilson kwenye kiti kinachozunguka.

"Mzee, tatizo lako ni chapa."

"Chapa ya nini? Mimi si ng'ombe."

"Kila mtu ana chapa. Mtu akikuona wewe, kitu cha kwanza anachofikiria ni nini?"

Adeilson akafikiri, tena kwa uaminifu. "Jeneza."

"Umeona? Sisi tunataka afikirie keki." Gleyciane akasogeza kiti. "Unatoka misibani, unaingia kwenye sherehe. Harusi, siku za kuzaliwa, vipaimara. Sauti ni ileile, bidhaa ni mpya. Lakini lazima ujifunze kujiuza."

Adeilson akageuka kutazama kama mlango umefungwa. "Binti, mimi ni mgane, lakini sijafika huko."

Ilichukua muda kumwelewesha. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Jina jipya likawa Adeilson Furaha. Gari likapakwa rangi ya njano, njano ya yai la kuku wa kienyeji, na kufungwa riboni. Kwa ajili ya kadi, Gleyciane alimpiga picha akitabasamu, kazi ambayo Adeilson hakuwa ameizoea mbele ya watu. Picha iliyochaguliwa kuwa nzuri kuliko zote ilimwonyesha mtu aliyeambiwa na daktari wa meno kwamba haitauma.

Halafu yakaja mazoezi ya sauti. Gleyciane alimpa asome majina ya aiskrimu, kwa sababu, alisema, hakuna mwanadamu anayeweza kusema aiskrimu kwa huzuni.

"Nazi," akasoma Adeilson. "Embe. Maziwa na karanga. Mabibo."

Chumba cha pili mama yake Gleyciane akaanza rozari.

"Inua sauti, mzee! Inua mwisho wa neno!"

"Pasheni," akasema Adeilson, na mama yule akaongeza kasi.

Wakakubaliana kwamba sauti itajirekebisha yenyewe barabarani. Ilibaki siku ya kujitambulisha kwa mji. Gleyciane akamfundisha kwamba watu hawanunui huduma, wananunua hadithi: awaambie yeye ni nani, katoka wapi, mtoto wa nani. Hilo Adeilson alilipenda, maana ndiyo namna pekee anayoijua ya kumtaja mtu. Waliandaa keki ya mahindi kubwa kama tairi na kuiweka uwanja wa shule. Kinanda kikatolewa, akodiani ikawekwa. Kuhusu saa, Gleyciane alimuuliza watu wa Poço do Umbu huwa huru saa ngapi, naye akajibu bila kufikiri, "Saa kumi jioni. Siku zote huja."

Kwa hiyo Alhamisi ile, baada ya chakula cha mchana, gari la njano lilitoka, na sote tukaisikia sauti. "Ndugu na marafiki. Adeilson Bezerra de Lima, aliyejulikana kama Adeilson wa Misiba, mtoto wa marehemu Otacílio na marehemu Cícera, mkazi wa mtaa wa kisimani, anawaalika nyote, leo saa kumi jioni..."

Aliendelea kusema mengi baada ya hapo. Alisema keki, alisema sherehe, alisema bei nafuu. Nani alimsikia? Muuza nyama alishavua kofia. Vichwa vilishainama, na kichwa kilichoinama hakimwoni dereva.

"Loh, Adeilson!" akasema mwenye duka la mkate. "Na juzi tu kanunua kwangu mikate miwili."

"Kajitangaza mwenyewe," akasema muuza nyama. "Atakuwa alirekodi mapema. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa mpango."

"Na akodiani? Msiba kwa akodiani?"

"Si alipenda. Huenda ni wosia."

"Haya, na gari mmeliona? Warithi wameshalipaka rangi! Maiti haijapoa!"

"Hawana haya," wakakubaliana wote, nami nilikuwa mmoja wao, siwezi kujitoa.

Saa kumi Adeilson alikuwa amesimama uwanja wa shule, kisu cha keki mkononi, Gleyciane pembeni yake akiipiga picha keki kwa simu ya Adeilson, kwa kuwa yake ilikuwa imeishiwa chaji. Simu iliita mara nyingi. Gleyciane aliikata kila mara ili isiharibu picha. Hakuja mtu. Hakuja hata mbwa, na mbwa wa shule ile huja kwenye kila kitu. Wakasubiri. Nzi wakaigundua keki. Mwishowe Adeilson akaifunika kwa kitambaa, akaibeba mpaka kwenye gari, akasema, "Basi, binti. Umejitahidi." Akarudi nyumbani polepole, kwa mwendo wa kazi, kwa sababu gari lenyewe halijui mwendo mwingine.

Kufika mtaa wa kisimani akakuta viti vimejaa barabarani. Watu wamevaa nguo nyeusi. Moshi wa kahawa unatoka jikoni kwake. Adeilson akasimamisha gari, akashuka, akavua kofia kama inavyompasa mtu, akamsogelea muuza nyama.

"Nani ametutoka?" akauliza kwa chini.

Muuza nyama akamtazama kuanzia utosi mpaka viatu.

"Wewe."

Adeilson akalitafakari jambo hilo. "Lini?"

"Mchana huu. Umetangaza mwenyewe."

Hapo ndipo makelele yalipoanza. Shangazi mmoja akaanguka, akaokotwa. Mwingine akapiga ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto, kwa kiwewe. Ednalva peke yake, mama wa ubatizo wa Rosilda, aliendelea kumimina kahawa, maana kahawa ilishaiva na vikombe vilishapangwa. "Karibu, we mwanamume," akamwambia. "Umechelewa, lakini karibu."

Rosilda akatoka ndani. Alikuwa na kandambili za kazini, nyuzi za jinzi zimemjaa mabegani, macho mekundu. Alimwendea baba yake, akamshika shavu, akalifinya kweli kweli, kama mtu anayejaribu kitambaa dukani. Akaona ni yeye.

"Mara ya pili!" akapiga kelele. "Mara ya pili, Baba! Mara ya pili nakusikia kwenye spika unamtaja mtu wa nyumba hii, na mimi nimekaa kwenye cherehani!"

Sote tulijua anachokisema. Siku ile Marinalva, mke wa Adeilson, alipofia hospitali ya mjini, Adeilson alirudi asubuhi kwa gari la wagonjwa, akawasha gari lake, akawasha kinanda, akaanza mtaa kwa mtaa. Rosilda aliupata msiba wa mama yake pamoja na muuza mkate na muuza nyama, akiwa ameshona mguu mmoja wa suruali na wa pili bado.

"Kwa nini hukuja kuniambia? Mimi mwanao! Ungeingia tu ukaniambia!"

"Nilikuja," akasema Adeilson.

"Hukuja."

"Nilifika mpaka mlangoni pa karakana. Nikakuona mgongo. Ulikuwa unacheka na mwenzako." Alikuwa anazungusha kofia mkononi. "Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Nikajaribu tena. Nikarudi kwenye gari, na ndani ya gari ikatoka. Sikujua namna nyingine ya kulisema, mwanangu. Mpaka leo sijui."

Hakuna aliyekunywa kahawa. Jailton aliyekuwa amebeba viti alibaki amevibeba. Rosilda akajipangusa pua kwa aproni, akatazama chini, akatazama lile gari la njano na riboni zake.

"Basi nenda ukakanushe," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Watu wana kazi zao. Kakanushe kwa mdomo uleule."

Adeilson akaingia kwenye gari. Akawasha spika, zikakoroma. Na kwa kuwa mtu huyu hajui mlango mwingine wa kuingilia kwenye tangazo, akaanza palepale anapoanzia siku zote. "Kwa masikitiko makubwa," akasema, na vichwa vikainama, ingawa mwenyewe alikuwa mbele yetu. "Adeilson Bezerra de Lima, aliyejulikana kama Adeilson wa Misiba, ametutoka..."

Akavuta pumzi ili aendelee. Ednalva, birika mkononi, hakumngoja.

"Uongo!" akapaza sauti.

Mwezi ulikuwa wa sita, miguu yetu ilikuwa na mazoezi ya kwadrilia ya kila jioni. "Uongo!" barabara nzima ikajibu, na nusu ya waombolezaji wakageuka kwa kisigino kabla hawajajua wanafanya nini. Muuza nyama akagongana na shangazi aliyekuwa ameokotwa. Muuza nyama ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini ukingoni mwa barabara, na cheko lake likawashika wengine mpaka viti vikaanguka. Adeilson akabaki ameshika maiki, hajui atazame wapi. Hakuwa amewahi kuchekewa maishani mwake, na alionekana kama mtu aliyemwagiwa maji ya uvuguvugu.

Rosilda alikuwa wa mwisho. Alijizuia, akajizuia, halafu ikamtoka, kicheko na machozi pamoja, akaenda dirishani mwa gari akampiga baba yake na kitambaa cha vyombo.

"Mji mzima umekuja kukuzika, na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na keki," akasema Adeilson. "Ya mahindi. Iko kiti cha nyuma."

Ikaliwa yote, pamoja na nzi wake. Wakati inaliwa, Rosilda akamwambia, huku anakata vipande, "Maiki ni yako. Ila hilo jina la Furaha mrudishie Gleyciane." Gleyciane mwenyewe, aliyefika kuirudisha simu, alitazama umati ule akasema hajawahi kuona bidhaa inayotambuliwa hivyo, na kwamba ataiandika kwenye ukurasa wake.

Mkesha wa Mtakatifu Yohana ukafika. Tulitoka misani, mioto ikawashwa mbele ya milango, mahindi yakachomwa, akodiani na ngoma zikakaa sawa. Wachezaji wakajipanga mtaa wa kisimani, Rosilda na Jailton mbele, yeye katika gauni jeupe alilolishona mwenyewe. Adeilson alikuwa amesimama juu ya kreti la soda. Sauti haikujirekebisha hata kidogo.

"Mvua inakuja," akatangaza, na bibi yake Jailton akatazama mbinguni.

"Uongo!" tukageuka.

"Nyoka yuko njiani."

"Uongo!"

"Daraja limekatika." Mjomba mmoja wa Jailton, anayekaa ng'ambo ya mto, akasimama na kuanza kutafuta funguo.

"Uongo!"

Na hapo uongo ukamwishia. Mwita kwadrilia mzuri ana akiba ya uongo wa usiku mzima, lakini Adeilson hakuwa na akiba hiyo. Tangu ashike maiki alikuwa ametangaza mambo ya kweli tu. Akodiani ilizunguka, ikarudi mwanzo, ikamngojea. Rosilda akapita mbele yake, akiinua pindo la gauni kwa mkono mmoja, kama Marinalva alivyokuwa akifanya. Adeilson akamwona. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Marinalva ametutoka!"

Miguu ilikuwa imeshageuka. Ngoma ikaruka pigo moja. Mimi nilitazama chini, sikutaka kumwona binti.

"Uongo!" akapiga kelele Rosilda, kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Uongo!" tukajibu sote, mtaa mzima, mpaka wazee waliokuwa wamekaa, na tukageuka.

Adeilson akajaribu kuita linalofuata. Akafungua mdomo, akaufunga, akafungua tena. Rosilda akatoka kwenye mstari, akapanda kwenye kreti kando yake, akamshika baba yake kiunoni wasianguke. Akachukua maiki mkononi mwake, akaita mwenyewe, "Mvua inakuja!"